Sufuria, mfuko au ndoo ya jikoni: kumlea mtoto wa mbwa mkubwa bila kumharakisha

Anayepata mtoto wa shepadi au rotwaila huku kwetu Zanzibar huuliza swali moja: nimpe nini akue haraka? Nami huwajibu kwa kuwasimulia Komando na Bosi, ndugu wawili niliowaona tangu wana wiki nane, na ambao nimewalinganisha mpaka watu wa nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Walizaliwa tumbo moja, madume wote, jemani shepadi. Komando tulimchukua sisi, kwenye nyumba ya wageni ninakosimamia walinzi, upande wa Jambiani. Bosi akaenda kwa shemeji yangu, Wete. Alivuka hadi Pemba ndani ya tenga la kuku, kalala njia nzima.

Kwetu chakula chake kilikuwa ndoo. Jikoni kwa wageni hapakosi mabaki: chapati, chipsi, wali wa nazi, ngozi za samaki, mifupa ya kuku, na mayai ambayo mtu kayadonoa mara moja kwa uma kisha kainuka. Ndoo ikiletwa jioni, Komando alikula mpaka akalala pale pale. Mlinzi mmoja aliyempenda sana akamnunulia na vidonge vya kalisi, ndiyo chokaa ya mifupa, kwenye duka la dawa, kwa hoja kwamba mbwa wa mifupa mikubwa anataka chokaa nyingi. Hakuna aliyembishia. Hata mimi niliona kasema la maana.

Shemeji ni mtu wa mizani. Msimu wa karafuu yeye ndiye mpimaji wa magunia, na nje ya msimu utamkuta anapima vitu ambavyo havina haja ya kupimwa. Alinunua chakula cha mfuko, kile cha watoto wa mbwa wa aina kubwa, akawa anakipima kwa kopo asubuhi, mchana na jioni. Kila mwisho wa mwezi alimfunga Bosi ndani ya shuka na kumning'iniza kwenye ndoana ya mizani ya karafuu. Watoto wa mtaani walikuwa wanaisubiri siku hiyo kama sikukuu.

Sisi tulimpima Komando juu ya mizani ya samaki ya jikoni hadi ikamshinda, kisha kwa jamaa wanaonunua vyuma chakavu. Hivi ndivyo walivyokwenda, kwa kilo:

| Umri | Komando, Jambiani | Bosi, Wete |
|---|---|---|
| Miezi 3 | 13 | 10 |
| Miezi 5 | 24 | 18 |
| Miezi 7 | 33 | 25 |
| Miezi 12 | 39 | 33 |
| Miezi 18 | 40 | 36 |

Ukiishia mstari wa tatu utasema Jambiani wameshinda. Miezi saba, kilo 33, watu wakipita ufukweni wanasimama kumtazama, na meneja anatupongeza. Lakini usiishie hapo. Walipotimiza miezi 18 nilikwenda Wete na utepe wa fundi cherehani nikampima Bosi kutoka chini hadi begani. Tofauti yao ya kimo haikufika upana wa kidole. Kimo cha mbwa kimeandikwa na baba na mama yake. Chakula kinaamua tu atakifikia kwa mwendo gani, na akiwa na viungo vya namna gani.

Mguu wa kwanza

Komando alianza kuchechemea akiwa na miezi sita. Mguu wa mbele wa kulia, siku nne, ukapona. Baada ya wiki mbili ukawa wa kushoto. Tukasema kajigonga kwenye mawe, maana Jambiani maji yakitoka mawe ni mengi. Mara ya tatu daktari wa mifugo aliletwa kutoka mjini. Alimkamata, akambonyeza mifupa ya mikono mmoja mmoja, akampapasa mbavu, au tuseme alizitafuta mbavu asizione, kisha akauliza, "Huyu anakula nini?" Tulipomtajia ndoo na vidonge alinyamaza kidogo. Alisema bila picha ya mifupa hawezi kutaja jina la ugonjwa, lakini kwa umri ule, uzito ule na vidonge vile, dawa ya kwanza anaijua: vidonge vikome leo, na ndoo ikome leo.

Sababu yenyewe ni hii. Mfupa wa mtoto wa mbwa haujakaza ncha zake. Karibu na kila ncha kuna tabaka la gegedu, laini, na hilo ndilo linalorefuka kisha hugeuka mfupa. Kwa mbwa mdogo wa nyumbani tabaka hizo hufunga kwenye miezi minane hadi kumi na miwili. Kwa shepadi, labrado au rotwaila ni mwaka mzima na zaidi, hadi miezi 18, na kwa mbwa wakubwa kupindukia huweza kufika miaka miwili. Muda wote huo mwili mzima unasimama juu ya kitu ambacho bado ni gegedu.

Tena hebu fikiria mwendo wenyewe. Mtoto wa binadamu huzaliwa na kilo tatu, na akifika miaka 18 ana kilo sitini na kitu: amejizidisha mara ishirini hivi. Shepadi huzaliwa na kama nusu kilo, na mwaka mmoja na nusu baadaye ana kilo 36. Ni zaidi ya mara sabini. Mwendo huo umeshakuwa wa kasi hata kabla hujamwongezea ndoo. Ukiuongeza, uzito unatangulia na mifupa inabaki nyuma kuufukuza. Hapo ndipo yanapoingia mambo ya nyonga kulegea, kiwiko kutokaa sawa, gegedu la bega kubanduka, na miguu ya mbele kupinda.

Kuhusu kalisi, nilikuwa nimefahamu kinyume. Mbwa mzima akila chokaa nyingi, utumbo wake huchukua anayoihitaji na nyingine hutoka. Mtoto, hasa chini ya miezi sita, hana mlango huo: inayoingia tumboni sehemu kubwa inaingia mwilini, atake asitake, na inavuruga namna gegedu linavyogeuka kuwa mfupa. Kwa hiyo kidonge kinachotolewa kwa nia ya kuimarisha mifupa ndicho kinachoiharibu. Mwenye chakula cha mfuko kinachofaa asiongeze kidonge, asiongeze unga wa mifupa, asiongeze maganda ya mayai yaliyosagwa. Hata mtu akisema ni ya asili.

Na protini? Watu wengi huiogopa bure. Wanasema nyama ndiyo inamkuza haraka. Kinachomsukuma ni jumla ya nguvu aliyokula, yaani mafuta na wanga na vyote vikijumlishwa, pamoja na chokaa iliyozidi. Mtoto wa mbwa anayekua anaitaka protini.

Njia tatu, nikizisema zilivyo

Ndoo ya mabaki haina gharama, na huo ndio uzuri wake wote. Leo ni wali mtupu, kesho ni mafuta ya kukaangia, keshokutwa kuna biriani iliyojaa vitunguu, na vitunguu ni sumu kwa mbwa, viwe vibichi au vimepikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali kama vijiti. Chumvi ni ya kinywa cha mtu. Kubwa zaidi, huwezi kupunguza wala kuongeza kwa akili, kwa sababu hujui jana alikula nini. Mwenye nyumba ya wageni au mgahawa atakwambia ni dhambi kumwaga chakula. Basi mabaki hayo wape kuku wako wale. Mtoto wa mbwa mkubwa asilelewe kwa ndoo, na hili silitolei ruhusa yoyote.

Sufuria ndiyo njia ya wengi, Unguja na Pemba: dona au pumba za mahindi, dagaa ndani, moto wa kuni, tayari. Mbwa wengi wa walinzi wameishi kwa hiyo na wapo. Lakini wengi wao walipewa wakiwa wakubwa, au ni mbwa wa kienyeji. Kwa mtoto wa aina kubwa sufuria ina matatizo ambayo huyaoni kwa macho, kwa sababu inaweza kukosea kuelekea pande mbili. Sufuria ya ugali na utumbo au mapafu, bila mifupa wala dagaa, haina chokaa ya kutosha. Mtoto atapinda miguu kwa upungufu. Sufuria iliyojaa dagaa wazima, na mifupa yao yote, tena mtu kaongeza kidonge, inazidisha. Kati ya pande hizo kuna mahali pafaapo, na mahali hapo hapapatikani kwa kukadiria kwa kiganja. Chokaa inatakiwa ilingane na fosforasi, madini mengine ya mifupa, au iizidi, isipite mara mbili yake, na hesabu hiyo anaifanya mtaalamu wa lishe ya mifugo akiwa na karatasi.

Dagaa wenyewe wana mambo yao. Hawa wanaochemshwa na kuanikwa kwetu, mfano wale wa kijiji cha Kama, wamepita kwenye maji ya chumvi na wengine wameokota mchanga. Waroweke, mwaga maji, suuza tena, ndipo uwapike. Na mahindi: pumba zilizokaa stoo yenye unyevu, hasa wakati wa masika, huota ukungu, na ukungu huo una sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa nao inawaua, kupitia ini. Pumba zikinuka kuvu usiseme "ni za mbwa tu."

Mfuko ni ghali. Kwetu hufika kwa boti kutoka Dar es Salaam, na bahari ikichafuka au muuzaji akikosa mzigo, unabaki na kopo tupu. Lakini ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu ambayo hesabu ya chokaa imeshafanywa kabla hujafungua. Sharti usome. Tafuta maandishi kwamba chakula kinafaa kwa ukuaji, pamoja na ukuaji wa mbwa wa aina kubwa, yaani wale watakaofika kilo 32 au zaidi wakiwa wazima. Kiwango cha juu cha kalisi kinachokubaliwa kwa hao ni asilimia 1.8 ya chakula kikavu. Ukiona mfuko umeandikwa "mbwa wa umri wote" na hakuna neno kuhusu aina kubwa, urudishe rafuni.

Kuna wanaowapa watoto chakula cha mbwa wazima ili wasikue haraka. Nia nzuri, njia mbaya: chakula hicho mara nyingi kina nguvu kidogo kwa kila kopo, mtoto anakula makopo mengi zaidi kushiba, na chokaa inaingia nyingi pamoja nayo. Kinachotakiwa ni chakula cha mtoto kilichopunguzwa kiasi.

Na tahadhari ya hali yetu ya hewa: usinunue mfuko wa kilo ishirini kwa sababu ni nafuu ukiwa na mtoto mmoja. Joto na unyevu vinachachisha mafuta yake kabla hujafika nusu. Nunua mdogo, uweke pamoja na mfuko wake ndani ya ndoo yenye mfuniko. Yule muuzaji anayefungua gunia na kukupimia kilo mbili kwenye mfuko mweusi anakuuzia kitu ambacho hujui kina umri gani wala ni cha mbwa yupi.

Hesabu kabla ya mapenzi

Shepadi wa kilo 15, mwenye miezi minne au mitano, anahitaji kama kilokalori 1,050 (ndicho kipimo cha nguvu ya chakula) kwa siku. Chakula kikiwa na kilokalori 380 kwa gramu 100, hiyo ni gramu 270 hadi 280 kwa siku nzima, igawe mara tatu. Akipita miezi sita, mara mbili zinatosha. Akifika kilo 30 atakula kama gramu 380. Hizi ni za kuanzia tu; wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana, na mikono yako ndiyo itakayosahihisha.

Ukijumlisha tangu wiki nane mpaka miezi 14, mbwa mmoja atamaliza kilo 120 hadi 140 za chakula cha mfuko. Chukua bei ya duka lako, zidisha, kisha amua kama unamtaka. Fanya hesabu hiyo kabla hujamwona mtoto mwenyewe. Ukishamwona na yale masikio yake, moja limesimama na jingine limelala, hesabu haifanyiki tena.

Shemeji alipokosa mfuko, alijaza pengo kwa samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba na wali kidogo. Ni sawa kwa siku mbili tatu. Kwa kawaida vya pembeni visizidi sehemu moja ya kumi ya alichokula siku hiyo. Ukizidisha umeshaivuruga ile hesabu uliyoilipia. Bosi alihamia sufuria alipotimiza miezi 15, na mpaka leo anakula sufuria.

Mbavu, na maneno ya barazani

Mizani ni nzuri lakini haijui mbwa ana mafuta au misuli. Mikono inajua. Kunja ngumi upapase vifundo vyake: ukizigusa mbavu za mbwa zikawa zimejitokeza kama hivyo, amekonda kupita kiasi. Geuza kiganja upapase ile nyama chini ya vidole: mbavu zikiwa zimezama hivyo, amenenepa. Papasa mgongo wa mkono wako ulionyooka, pale mifupa inapogusika kirahisi chini ya ngozi bila kujitokeza. Hapo ndipo panapotakiwa. Mtazame kutoka juu, awe na kiuno nyuma ya mbavu. Mtazame ubavuni, tumbo lipande kuelekea mapajani. Madaktari wana kipimo cha moja hadi tisa, na mtoto wa aina kubwa wanamtaka kwenye nne au tano. Shepadi ana manyoya mengi, kwa hiyo jicho litakudanganya. Papasa kila wiki.

Tatizo la mbwa wa nne au tano ni kwamba mtaani anaonekana wa tatu. Shemeji aliambiwa mengi. Mzee mmoja barazani alimwita kabisa: "Mwanangu, mbwa wako mbona kakonda hivi? Ukishamfunga mnyama lazima umlishe, utaulizwa." Na neno "utaulizwa" si dogo. Kwetu anayefuga mbwa tayari anatazamwa. Wengi wetu ni Shafii, vyombo vya mbwa vinakaa mbali, na akikugusa na ute unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kulinda ana ruhusa yake, lakini ruhusa hiyo haikupi uso barazani mbwa akionekana ana njaa. Shemeji alimjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, huyu anakua polepole makusudi," na mzee akamtazama kama mtu aliyesema mnazi unakua polepole makusudi.

Kama angekuwa na la kumwonyesha, angemwonyesha labrado 48 wa Marekani. Walichukuliwa ndugu wawili wawili tangu wakiwa na wiki nane; mmoja wa kila jozi akapewa robo pungufu ya alichokula mwenzake, maisha yao yote. Matokeo yalitangazwa 2002. Wale waliopunguziwa waliishi miaka 13 kwa wastani wa katikati, wenzao 11.2, na maumivu ya viungo yakawafika wakiwa wamechelewa sana. Kinachonichekesha ni kwamba waliofanya hivyo ni Purina, kampuni inayouza chakula cha mbwa. Mwenye duka akikwambia punguza, mwamini.

Polepole si kusimama

Lakini njia ya shemeji nayo ilikuwa na shimo lake, nalo alitumbukia. Bosi alipofika miezi minne mbavu zilianza kuonekana kweli, manyoya yakawa makavu, na tumbo likajaa kama ngoma. Shemeji alikuwa anafurahi: kiuno kipo, uzito hauzidi. Mizani ya mwezi ule ilikuwa karibu sawa na ya mwezi uliopita, na badala ya kushtuka alinipigia simu kujisifu. Ilikuwa minyoo. Alikuwa amempa dawa mara moja tu alipofika, akaona yamekwisha, wakati mtoto anatakiwa apewe kila wiki mbili hadi wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Alipotibiwa alirudi kwenye mstari wake ndani ya wiki tatu.

Kwa hiyo mtoto mwembamba anayekua vizuri huongezeka kila wiki, kidogo lakini huongezeka, anacheza, na manyoya yanang'aa. Uzito ukisimama wiki mbili, au ufizi ukapauka, au ukamkuta na kupe wengi na homa, huyo si mwembamba wa makusudi, ni mgonjwa. Kupe wa kwetu wanaleta maradhi yanayomkausha mbwa. Anayelisha kwa ndoo hatagundua mapema kwa sababu hapimi chochote, na anayelisha kwa kopo atagundua mapema akiwa tu tayari kuamini mizani inapomwambia asilopenda.

Ufukwe na ngazi

Katika hili Jambiani iliipita Wete. Mwaka 2012 watafiti wa Norway walichapisha kazi yao juu ya watoto wa mbwa wakubwa na nyonga zao: waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walipata tatizo la nyonga zaidi, na waliopata kukimbia huru kwenye ardhi laini, isiyo sawa, walipata kidogo. Komando alikuwa na kilomita nzima za mchanga. Nyumba ya shemeji ina ngazi za kwenda juu, na ilibidi aweke kizuizi cha mbao. Mtu wa Mji Mkongwe mwenye zile ngazi za wima ambebe mtoto mpaka miezi mitatu ipite. Akimshinda kubebeka, akae chini.

Tulichoharibu sisi ni gari. Walinzi walikuwa wanamfundisha Komando kuruka nyuma ya pikapu na kushuka, akiwa na miezi saba na kilo 33. Kila kishindo kilikuwa juu ya gegedu lile lile. Wakati wa kaskazi, jua la Januari, alihema kutoka saa mbili asubuhi. Bosi alikuwa anatembea na shemeji hadi saa nne.

Na unene ulimletea Komando jambo jingine ambalo hatukulitarajia: alionekana mkubwa. Mbwa wa miezi minane mwenye kilo 34 hakuna anayekumbuka kwamba ni mtoto. Akapewa zamu ya usiku, akafungwa mnyororo, akakaripiwa kwa kubweka hovyo na kuogopa mwavuli. Bosi, kwa miguu yake mirefu na kifua chembamba, alionekana mtoto, basi akaachwa awe mtoto. Shepadi hukamilika akili kwenye mwaka wa pili. Kifua na kichwa hujaza mwisho. Anayemtaka alinde lango akiwa na miezi saba ajue anampa zamu mtoto wa skuli.

Kuhasi nako kunaingia humu. Homoni za uzazi ndizo zinazofunga zile ncha za mifupa, na mbwa akihasiwa mapema hukawia kufunga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wa 2016, juu ya shepadi, ulikuta madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja asilimia 21 walipata tatizo la viungo, na wasiohasiwa asilimia 7. Kwa dume linalokaa ndani ya ukuta, ngoja mwaka upite.

Nani achague nini

Mwenye duka la mfuko karibu na fedha ya zile kilo 120 hadi 140, achukue mfuko wa aina kubwa mpaka miezi 14 au 15, kwa kopo, kisha ahamie sufuria polepole kwa siku kumi. Sioni njia bora kuliko hii kwa visiwa vyetu.

Mwenye fedha ya nusu, asinunue mfuko wa miezi sita ya mwisho. Anunue wa mwanzo. Miezi miwili hadi minane ndipo mbwa anaporefuka kwa kasi na ndipo kosa la chokaa linapoumiza. Baada ya hapo sufuria iliyopangwa na daktari wa mifugo itamfikisha.

Mwenye sufuria tu, na hana mtaalamu wa kumpangia, asichukue shepadi wala rotwaila. Nasema hivi nikijua wapo watakaonuna. Mbwa wa kienyeji, kama wale wembamba wanaotembea na wasasi wa nguruwe huko kusini Unguja, huishia kilo 15 hivi, humaliza kukua karibu na mwaka, na mifupa yake haibebi mzigo wa kilo 36 ikiwa bado gegedu. Anabweka vile vile usiku. Ukimpata mtoto wa wiki nane, dawa ya minyoo kwanza, na dagaa waroweke.